Muhogo wa kijani juu, wa kahawia ndani: je, nikate mashina yaleyale nipande tena?

Swali: Nalima muhogo Busia, upande wa Uganda, ekari mbili. Misimu mitatu iliyopita nilipata mbegu ya aina iitwayo NASE 14, na mavuno ya kwanza yalikuwa safi kabisa. Tangu hapo nakata mashina yangu mwenyewe na kupanda tena. Sasa shamba ni la kijani, linapendeza, lakini nikichimba, karibu nusu ya mihogo ina mabaka ya kahawia ndani, makavu na magumu. Mnunuzi amekataa. Jirani anasema niliuziwa mbegu feki, na mwenye duka la pembejeo ananishauri nipulize dawa ya nzi weupe. Nina mashina mengi bado yamesimama. Je, nikate nipande mvua za Machi? Na ule muhogo wa maabara wa Kenya ninaousikia, naweza kuupata?

Jibu: Mama, la haraka kwanza. Usikate hata shina moja la shamba hilo kwa mbegu, na kama kuna jirani anayesubiri umgawie, mwambie ukweli. Dawa usinunue. Mihogo ambayo bado ina sehemu safi ivune sasa, usingoje bei ipande. Na aliyekuuzia mbegu ya kwanza usimlaumu, kwa kuwa mavuno safi ya msimu ule yanaonyesha kwamba mbegu haikuwa mbaya. Kilichotokea kimetokea shambani kwako, polepole, msimu baada ya msimu.

Kwa ulivyoeleza, huo ni ugonjwa wa virusi uitwao michirizi ya kahawia. Hata hivyo hakikisha mwenyewe kabla ya kung'oa chochote, maana muhogo hubadilika rangi ndani kwa njia tatu, na kila moja ina chanzo chake. Ukikuta nyama imelainika, inatoa maji na kunuka, na uozo umeanzia kwenye ganda ukaingia ndani, huo ni uozo wa mizizi unaoletwa na vimelea vya udongoni, hasa mahali maji yanaposimama. Hapo unahitaji matuta na mifereji. Ikiwa mihogo ilikuwa myeupe ulipoichimba, kisha mistari ya buluu-nyeusi ikatokea baada ya siku moja au mbili, huo si ugonjwa wa shambani. Muhogo wowote ukishavunwa huanza kuharibika hivyo ndani ya siku tatu. Michirizi ya kahawia yenyewe ni kavu, ngumu kama gome, rangi yake ni ya manjano kuelekea kahawia, imo tayari siku unayochimba, na mara nyingi ganda la nje halionyeshi kitu. Wakati mwingine muhogo unakuwa na kiuno, umebanwa mahali pamoja au pawili.

Chukua mimea mitano kutoka sehemu tofauti za shamba, ing'oe yote, na kila muhogo uukate kwa upana mara tano, kuanzia kwenye kikonyo hadi nchani. Wengi hukata mara moja tu katikati, wakikuta peupe wanasema muhogo ni mzima. Baka linaweza kuwa upana wa vidole vinne kutoka hapo kisu kilipopita.

Halafu tazama majani, lakini inama. Kijani unachokiona ni cha majani ya juu, na huko ndiko tulikozoea kutazama kwa sababu ya batobato, ule ugonjwa mwingine wa virusi vya muhogo. Batobato hujionyesha kwenye majani machanga: yanakunjamana, yanapinda, yana mabaka ya njano na kijani, na mmea unadumaa. Mtu anauona akiwa amesimama barabarani. Michirizi ya kahawia hukaa kwenye majani ya chini, yaliyokomaa. Jani linabaki na umbo lake na ukubwa wake, halikunjamani hata kidogo, ila kando ya vishipa vidogo inatokea njano inayosambaa bila mpaka ulio wazi. Kwenye sehemu ya shina ambayo bado ni ya kijani utaona vidonda virefu vyembamba vya kahawia. Kiangazi kikiingia, majani hayo ya chini huanguka, na dalili zinakwenda nayo. Ndiyo sababu mkulima hodari anaweza kuishi na ugonjwa huu misimu miwili bila kujua, mpaka siku ya jembe.

Kwa nini NASE 14 imekubali ugonjwa? Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, kwa sababu Uganda ilijifunza kupambana na virusi vya muhogo kwa njia moja, na mazoea ya njia hiyo ndiyo yanayotuponza sasa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilianzia upande wa Luwero ikaenea nchini. Miaka ya 1990, mashariki na kaskazini, watu walipoteza muhogo karibu wote, na huko Teso ikawa njaa. Watafiti wa kituo cha Namulonge wakatoa aina za NASE zinazohimili batobato, nazo zikaenea kijiji kwa kijiji kwa mtu kumgawia mwenzake mashina. Zikashinda. Wakulima wakabaki na somo moja: tafuta aina mpya, panda, gawa, mambo yamekwisha.

Mwaka 2004 michirizi ya kahawia ikaonekana Mukono. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa zamani; ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1936 kutokana na kazi ya kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, na kwa miongo mingi wataalamu waliamini kwamba hauenei juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya Uganda iko juu ya hapo, na bado ugonjwa ulipanda. TME 204, aina iliyosimama imara mbele ya batobato na kupendwa na walaji, ikaanguka vibaya. NASE 14, iliyotolewa mwaka 2011, na NAROCASS 1, iliyotolewa mwaka 2015, zilichaguliwa zikiwa na uwezo wa kuvumilia magonjwa yote mawili.

Lakini aina inayovumilia bado huambukizwa. Kirusi huingia, huzaliana polepole, na mmea unaendelea kukua na kuzaa. Tuseme msimu wa kwanza mmea mmoja katika ishirini uliingiwa. Huoni tofauti yoyote. Unakata mashina yote, unayachanganya katika fungu moja. Kila pingili, yaani kipande cha kupanda, iliyotoka kwenye shina lenye kirusi huenda ikaanza maisha ikiwa nacho tangu siku ya kwanza, na mmea wa namna hiyo huumia zaidi ya ule uliong'atwa na nzi mweupe ukiwa na miezi sita. Nzi nao wanahamisha kirusi kutoka mmea huu hadi ule jirani. Msimu wa pili, wagonjwa wameongezeka. Wa tatu, ndipo ulipo wewe. Jina la aina halikubadilika hata siku moja, ila mashina yaliyobeba jina hilo yalichoka. Kwa hiyo unapotafuta mbegu, swali la "ni aina gani?" ni nusu tu. Nusu nyingine ni "imetoka kwenye shamba gani, na nani alilikagua?"

Kuhusu mihogo iliyopo ardhini: uozo huu huongezeka kadiri muhogo unavyozidi kukaa. Aina inayovumilia ikivunwa na miezi tisa hadi kumi na miwili hukutwa na mabaka machache kuliko ikiachwa mwaka na nusu. Ile desturi yetu ya kuchimba kidogo kidogo kadiri njaa inavyodai haifai kwa shamba lenye ugonjwa huu. Chimba upande mmoja hadi mwingine, menya, kata sehemu ya kahawia pamoja na kipande cha nyama nyeupe inayoizunguka, kisha katakata vipande vyembamba visivyozidi unene wa sentimita moja na uvianike juu ya turubai, si chini kwenye vumbi. Vimekauka vikivunjika kwa mlio badala ya kupinda. Kilo tatu hadi nne za muhogo mbichi hutoa karibu kilo moja ya makopa makavu, kwa hiyo usishtuke gunia likiwa dogo. Kipande chenye kahawia usikichanganye kwa huruma ya kilo: unga hubadilika rangi, huwa na uchungu, na mnunuzi akikuta vichache juu ya gunia hushusha bei ya gunia zima. Ikiwa una mistari ya muhogo mchungu pia, uchachishe kama mlivyozoea. Michirizi ya kahawia haipunguzi sumu.

Mashina yaliyobaki yakate, yatandaze juani yakauke kabisa, kisha yawe kuni. Usiyarundike pembeni mwa shamba penye unyevu, kwani yataota na nzi weupe watapata pa kuanzia. Baada ya kuvuna pita shambani kila wiki mbili tatu kwa miezi mitatu hivi, ung'oe machipukizi yanayotoka kwenye vipande vya mihogo na mashina vilivyobaki udongoni. Hili watu hulidharau, na ndilo linaloharibu kazi yote: mbegu safi inapandwa katikati ya masalia ya ugonjwa. Tazama pia kama kwenye uzio au karibu na nyumba kuna ule muhogo-mti unaopandwa kwa kivuli, wenye majani yanayofanana na ya muhogo. Nao hubeba kirusi hiki mwaka mzima. Uondoe.

Ekari hizo mbili, mvua za Machi zikija, panda mahindi, karanga au maharage. Viazi vitamu navyo havipati virusi hivi. Najua muhogo ndio chakula na ndio ada ya shule, lakini msimu mmoja bila muhogo kwenye udongo huo una thamani kuliko kujaza ekari mbili kwa mbegu usiyoijua. Muhogo wenyewe utaanza upya kidogo, mahali pengine.

Hesabu ni hii. Kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, ekari inachukua mimea karibu 4,000. Mmea mzuri uliokomaa hutoa pingili kama kumi zinazofaa. Kwa hiyo kitalu cha mita 20 kwa 20, chenye mimea 400, kitakupa mbegu ya ekari nzima mwaka unaofuata. Mwaka huu huhitaji kununua mashina ya ekari mbili. Unahitaji pingili 400, au 800 ukitaka ekari zote mbili. Hizo ni chache kiasi kwamba unaweza kumudu kununua zilizo bora kabisa na kuzifuata hata mbali. Kitalu kiwe umbali wa mita 100 au zaidi kutoka muhogo wa mtu yeyote, ukiwemo wako wa zamani. Nzi mweupe hushikilia kirusi cha michirizi ya kahawia kwa muda mfupi tu, saa kadhaa hadi siku mbili, ndiyo maana mara nyingi ugonjwa huu hutambaa kutoka mmea hadi mmea wa karibu. Kuvuka wilaya unabebwa na watu, ndani ya mafungu ya mashina. Umbali kidogo basi hukusaidia sana. Kirusi cha batobato nzi hukibeba siku nyingi zaidi, lakini hapo aina yako inajitetea vizuri.

Mbegu utaipata wapi? Kwa upande wenu wa mashariki anza na kituo cha utafiti cha Buginyanya au kile cha Serere, vyote chini ya shirika la utafiti la NARO. Namulonge, Wakiso, ndiko makao ya utafiti wa muhogo. Hata kama hawana mashina ya kukupa siku hiyo, waulize majina ya wazalishaji wa mbegu waliokaguliwa walio karibu nawe. Wapo wakulima waliofunzwa kazi hii, wanaoanza na mimea iliyozalishwa maabara na kukaguliwa shambani. Muulize mzalishaji karatasi ya ukaguzi ya shamba hilo na ya msimu huo, si ya miaka miwili iliyopita.

Wakati wa kwenda kutazama ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Wengi hutafuta mbegu Februari, mvua zikikaribia. Februari ni kiangazi, majani ya chini yameshaanguka, na unanunua shina lisilo na ushahidi wowote. Mbegu ya Machi inafaa kutazamwa Septemba hadi Novemba, majani yakiwa mengi, na kuwekewa oda. Ukiwa umechelewa, kuna njia moja ya haki: mwombe muuzaji akung'olee mimea kumi, mnayoichagua pamoja kwa kukata shamba mshazari kutoka kona hadi kona, kisha mikate mihogo kama nilivyoeleza. Wewe ulipie mihogo hiyo kama ni lazima. Ukikuta mmea mmoja mgonjwa, fikiri mara mbili. Ukikuta miwili au zaidi, shukuru na uondoke.

Kama una simu janja, kuna programu inayoitwa Nuru, ya mradi wa PlantVillage, inayotazama jani kupitia kamera na kukuambia kama ni batobato, michirizi ya kahawia au utitiri wa kijani. Inazungumza Kiswahili, na ukishaipakua inafanya kazi shambani bila intaneti. Ipe majani kadhaa ya mmea mmoja, yakiwemo ya chini, kwa sababu jani moja hudanganya. Uganda nayo imechangia sana katika kuzifundisha mashine kazi hii: maabara ya akili bandia ya Makerere na wataalamu wa Namulonge walitoa mkusanyiko wa picha zaidi ya 21,000 za majani ya muhogo, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima wenyewe, na watafiti wa nchi nyingi wameutumia. Ila kamera huona dalili tu. Mmea uliokwisha kuingiwa lakini haujaonyesha kitu utapita. Huo hugunduliwa kwa kipimo cha maabara.

Ukishapata mashina, chagua yenye umri wa miezi minane hadi kumi na miwili. Acha sehemu ya juu iliyo laini na ya kijani, acha na kitako kigumu cha chini, utumie ya katikati. Kwaruza ganda kwa ukucha: utomvu mweupe ukitoka mara moja, shina ni bichi, ukichelewa au pakiwa pakavu, litaota vibaya. Ukilikata, kiini laini cha katikati kisizidi nusu ya unene wa shina. Safirisha mashina marefu yakiwa mazima, yakate siku ya kupanda. Yakilazimika kungoja, yasimamishe wima kivulini, vitako vikiwa vimegusa udongo wenye unyevu, wala yasikae zaidi ya wiki chache. Pingili iwe na urefu wa sentimita 20 hadi 25 na macho matano hadi saba. Tumia msumeno au panga kali sana, na ukate ukiwa umelishika shina hewani. Ukiliweka juu ya gogo na kupiga, ganda hupasuka na uozo huingia hapo.

Panda mvua zikishatulia, udongo ukiwa na unyevu wa kina cha kidole. Kwenye udongo wa kichanga laza pingili kwenye shimo la sentimita 5 hadi 10 na uifunike. Penye udongo mzito unaoshika maji, ipande kwa kuinamisha kwenye tuta, theluthi mbili ikiwa ardhini na macho yakitazama juu. Pingili iliyogeuzwa kichwa chini huota, ila huchelewa. Palizi ya kwanza ifanyike wiki ya tatu au ya nne, nyingine mbili zifuate kabla majani hayajafunika ardhi, yaani hadi mwezi wa tatu au wa nne. Miezi mitatu ya kwanza ndipo magugu huiba mavuno. Samadi iliyooza vizuri itasaidia, kwani muhogo hunyonya potasiamu nyingi ardhini, lakini hakuna mbolea inayotibu kirusi. Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaouza mbolea za maji kwa ahadi hiyo.

Sasa kazi itakayoamua kila kitu: kung'oa wagonjwa. Pita kwenye kitalu mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu, asubuhi jua likiwa bado halijawa kali, huku likiwa nyuma yako ili njano ionekane vizuri. Tazama majani ya juu kwa batobato, kisha inama utazame ya chini kwa michirizi ya kahawia. Mmea wenye dalili ung'oe wote na mizizi yake, uutoe nje ya kitalu siku hiyohiyo, ukauke juani. Usikate tu shina, litachipua. Usisubiri uone "kama utapona." Inauma kung'oa mmea wa kijani unaokua, nafahamu, na wengi hupunguza wawili na kuwahurumia watano. Hao watano ndio watakaokuwa mamia mwaka ujao. Ikiwa mwezi wa pili utakuta zaidi ya mmea mmoja katika kumi ni mgonjwa, basi mbegu yenyewe haikuwa safi. Kile kitalu kiwe cha chakula, na mbegu utafute upya. Mmea unaoonyesha dalili mapema hivyo mara nyingi ulikuja na ugonjwa ndani ya pingili.

Baada ya mwezi wa tatu, badilisha jicho: badala ya kutafuta wabaya, tafuta wazuri. Funga kitambaa au kamba ya rangi kwenye mimea iliyonyooka, yenye nguvu, isiyo na doa lolote. Irudie mwezi wa sita na kabla ya kiangazi. Unaoonyesha dalili, mfungulie kamba. Siku ya kukata mbegu, kila mmea wenye kamba chimba kwanza mihogo yake, uikate kwa upana, na mashina yake yaingie kwenye fungu la mbegu ikiwa mihogo yote ni myeupe. Ni kazi ya siku mbili tatu kwa mimea 400, na mihogo hiyo unaila au kuianika, hakuna kinachopotea. Uchaguzi huu hauondoi kirusi chote, kwa kuwa mimea mingine huficha, lakini hupunguza kasi ya mbegu kuchoka kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo panga kuleta pingili mpya zilizokaguliwa kila baada ya misimu mitatu au minne, 400 tu, kwa ajili ya kitalu.

Jirani yako anayesema mbegu ilikuwa feki, mshirikishe badala ya kubishana naye. Nchini Tanzania, Chato na Mkuranga, watafiti walifanya kazi na vijiji vizima: muhogo wote wa zamani ukaondolewa, ukapandwa safi kwa pamoja, na wagonjwa wakang'olewa. Ugonjwa ulibaki chini na mavuno yakawa mazuri kuliko palipoachwa kama kawaida. Kwenu Busia mashamba yamebanana. Ukimpata mwenyekiti wa kijiji (LC1) akakubali kuita mkutano mmoja kabla ya msimu, na majirani wanne wanaokuzunguka wakaafiki kupanda kwa wakati mmoja kutoka chanzo kimoja, umejipatia ulinzi mkubwa kuliko dawa yoyote ya dukani.

Na hiyo dawa sababu yake ni hii. Nzi mweupe hukaa chini ya jani, mahali dawa haifiki vizuri. Akitua kwenye mmea mgonjwa huchukua kirusi cha michirizi ya kahawia kwa dakika chache za kunyonya, na huuambukiza mmea wa jirani kwa dakika chache vilevile. Hata dawa iliyo nzuri haimuui kwa haraka hiyo. Wakati huohuo inaua wadudu wanaomla, na baada ya wiki mbili unakuta nzi wengi kuliko mwanzo. Mimea iliyokwisha kuugua haiponi. Fedha za kupulizia ekari mbili mara tatu huenda zikatosha kununua pingili zako 400 na nauli ya kuzifuata.

Utafiti haujasimama. Namulonge ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyoingia mapema katika mbinu ya kuchagua miche kwa kusoma vinasaba vyake, ili wasingoje kila mche ukomae ndipo wajue unafaa. Kwa njia ya zamani aina moja ya muhogo huchukua karibu miaka kumi kabla ya kumfikia mkulima. Na kinga wanayoitafuta kwa sehemu inatoka kwenye kazi ya kale: Namikonga, muhogo unaojulikana Tanzania na kuitwa Kaleso huko Kenya, ulizaliwa katika programu ya Amani ambako muhogo ulichanganywa na jamaa yake wa mwituni, na mpaka leo watafiti huutumia kama mzazi.

Ule muhogo wa maabara unaousikia ni wa kweli. Umetiwa kipande cha vinasaba vya virusi vyenyewe ili mmea uvitambue na kuvizuia. Watafiti wa Namulonge walishiriki katika kuutengeneza, na mwezi Juni 2021 mamlaka ya usalama wa viumbe ya Kenya iliuruhusu kuendelea kuelekea majaribio ya kitaifa ya mashambani. Kwa upande wetu, Bunge lilipitisha muswada wa sheria ya viumbe vya aina hiyo mwaka 2017, na tena mwaka 2018, na mara zote mbili Rais aliurudisha bila kutia saini. Kwa hiyo huna njia halali ya kuupata Uganda, na mtu akikuletea fungu mpakani akasema ndio huo, hujui amebeba nini. Uwezekano mkubwa ni mashina ya kawaida yaliyokatwa shamba lolote, pamoja na virusi vyake. Ndugu zako wa ng'ambo ya mpaka wakikupa zawadi ya muhogo, pokea unga, makopa au mihogo ya kupika, na mashina uwaachie hukohuko. Nao usiwapelekee ya kwako.